Jumamosi ya Tano

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na daftari tupu. Keki tumeila. Saa nimeitundika, ingawa sijui mnadhani mtu aliyestaafu ana haraka ya kwenda wapi. Daftari ndilo kosa lenu, kwa sababu sasa nitaandika, na nyinyi mtasoma, maana mliahidi mbele ya watu. Najua mnachotaka. Mnataka niwape dawa ya kuleta wafanyakazi hamsini wa kampuni kutoka Kigali, kuwatembeza, kuwachezesha, na kuwarudisha kwao wakiwa bado wanasalimiana. Dawa hiyo sina. Nina miaka ishirini na mbili ya kupiga filimbi, na nina kicheko ambacho tangu siku ile hakinitoki, nacheka peke yangu jikoni mpaka paka ananihama. Sababu yake mtaijua mwishoni, kwa hiyo msiruke kurasa.

Nianze darajani. Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza vitenge na shangazi yangu, kama nusu ya Waswahili wa mji wetu wa Kamembe. Kila asubuhi tulikuwa tunavuka mto Rusizi kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi foleni ilikuwa vurugu tupu, mwenye ndoo anamkanyaga mwenye mtoto. Mimi vurugu inaniwasha mwilini. Siku moja nikaanza kupiga makofi na kuwapanga wale wanawake: wenye samaki mbele kwa sababu samaki hangoji, wenye watoto wa pili, wenye vitenge nyuma kwa kuwa kitenge hakiozi. Hakuna aliyenituma. Shangazi aliona haya akajifanya hanijui.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamume mnene mwenye kofia ya majani, anatafuna njiti ya kiberiti. Alinitazama mpaka zamu yake ikampita. Kisha akaja kwangu taratibu, akanivulia kofia.

“Maman, hii kazi unafanya hapa bure,” akasema, “mi natafuta muntu wa kuifanya.”

Huyo ndiye Papa Deo. Wengi wenu mmekuta picha yake tu pale ofisini, na picha haimtendei haki kwa sababu amefunga mdomo. Alikuwa na wakala wa safari katika vyumba viwili juu ya duka la misumari, pikapu moja, boti moja ya injini, na kopo la rangi ya buluu ambalo sikuwahi kuliona likiisha. Kila kitu chake alikipaka buluu: boti, pikapu, viti, mlango, mpaka ufunguo wa choo. Alisema kitu cha buluu hakipotei, kitarudi nyumbani. Mwenye duka la chini alikuwa akituonya tusikae sana karibu na Papa Deo, tutapakwa na sisi.

Siku ya kwanza alinipa filimbi, ubao wa kubana karatasi, na bunda la karatasi za kaboni za kunakilia. Nyinyi mnatuma ratiba kwa simu na mpokeaji haisomi. Sisi tuliiandika kwa mkono, nakala tatu kwa mpigo, moja ya hoteli, moja ya dereva, moja inabaki, na mpokeaji naye haisomi. Tofauti ni kwamba sisi tulibaki na vidole vya buluu. Kaboni ile haikutoka kwa sabuni wala kwa limau. Mama yangu alisema mikono yangu imekuwa kama ya mwalimu wa madrasa aliyemwagikiwa wino, na hakuna mwanamume atakayeposa wino. Alikosea, lakini hilo ni daftari lingine.

Somo la kwanza nililolipata lilikuwa la matumbo. Wageni wa Kigali wanakuja kwa kupitia msitu wa Nyungwe, na barabara ya Nyungwe ina kona nyingi kuliko maneno ya mwanasheria. Mtu anashuka kwenye basi Kamembe akiwa na rangi ya mchicha. Mara ya kwanza mimi nilimpokea wa namna hiyo kwa tabasamu na ratiba ya siku tatu, akainama akatapikia ratiba. Papa Deo akanivuta pembeni.

“Muntu akitoka Nyungwe, hapana mupa programme,” akaniambia. “Mupe chai.”

Chai ya tangawizi, kali, sukari kidogo, nusu saa bila kumsemesha. Mpaka leo sijaona kanuni bora kuliko hiyo katika utalii, na labda hata katika ndoa.

Somo la pili: msihesabu vichwa, hesabuni viatu. Watu wakishavaa jaketi za kuokolea majini wote wanafanana, tena wanahama kutoka mtumbwi huu kwenda ule wakitafuta marafiki. Lakini kabla ya kupanda wanavua viatu gatini, na viatu havihami. Mkirudi, viatu vikichukuliwa vyote, watu wote wamerudi. Nimewahi kubaki na kiatu kimoja cha kushoto, na kwa dakika kumi nikazeeka miaka kumi, mpaka ikajulikana kwamba mwenyewe alishuka akaenda kuomba chumvi kwa wavuvi akirukaruka kwa mguu mmoja. Sijui kwa nini mguu mmoja. Watu wa likizo hawaulizwi.

Kwa miezi mitano nilimfuata Papa Deo nyuma. Alipowavutisha wageni kamba, mimi nilishika kitambaa cha katikati. Alipowakimbiza na magunia, mimi nilishona magunia. Kisha ikaja barua ya kampuni ya bima ya Kigali. Walitaka kuwazawadia wauzaji wao bora, watu arobaini na wawili, siku tatu kwetu: kuona nchi, kucheza nje, kushindana kwa timu. Lilikuwa kundi kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata. Papa Deo aliisoma barua mara mbili, akatafuna njiti yake, kisha akaisukuma upande wangu.

“Hii safari iko yako, Maman Hadija. Bantu bakirudi banacheka, ile meza ya ku dirisha iko yako. Bakirudi banalalamika, tutaachana vizuri, utarudia bitenge byako.”

Hakuwa mkali. Alisema ukweli tu: ofisi yake haikuweza kuwabeba watu wawili kama mmoja wao ni wa kushika kitambaa. Na shangazi naye alishaniambia kwamba kibanda hakiningoji milele. Mwezi wa sita ukifika bila mimi, anampa binamu. Basi nilijua nasimama wapi. Meza yenyewe ilikuwa mbovu, mguu mmoja umetegemezwa kwa kipande cha tofali, lakini kutoka pale uliona ziwa lote mpaka kisiwa cha Nkombo. Nilikuwa naitaka meza ile mpaka naiota. Sikutaka kurudi kukunja vitenge. Nasema wazi kwa sababu nyinyi vijana mnajifanya kazi ni kazi tu.

Nilipanga safari ile kama mtu anayepanga harusi yake mwenyewe. Ijumaa kuwasili, chai, vyumba. Jumamosi saa moja asubuhi kuondoka kwenda Nyakabuye kuona chemchemi za maji ya moto na kuoga. Saa nne michezo kwenye uwanja wa karibu: kamba, magunia, yai kwenye kijiko. Mchana chakula. Alasiri Nkanka, kando ya ziwa, mashindano ya kupiga kasia kwenye mitumbwi ile ya wavuvi iliyofungwa mitatumitatu. Nilipima kamba. Nilionja mayai. Nilikwenda Nkanka mara tatu kuzungumza na wavuvi, na kiongozi wao wa nyimbo aliniambia mtumbwi wao hautembei bila wimbo, kwa hiyo wageni wasioimba watazunguka pale pale. Nikaandika kwenye ubao: wafundishwe wimbo.

Wiki nne kabla, Mkurugenzi wa kampuni akapiga simu. Alikuwa mtu wa sauti nyembamba na adabu nyingi. Aliomba tusogeze safari mbele kwa wiki moja. Nikamwambia hakuna shida kabisa. Nikakata tarehe ya zamani, nikaandika mpya, nakala tatu, hoteli, basi, wavuvi, mpaka mwenye mayai nikamjulisha. Nilijisifu kwa jinsi nilivyofanya haraka. Papa Deo aliichukua nakala inayobaki, akaitazama muda mrefu, akatafuna njiti, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema ni nzuri.

Ijumaa walifika, wakanywa chai, rangi ya mchicha ikawatoka. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja, Clarisse, mshindi wa kwanza wa mauzo wa mwaka, amevaa viatu vyeupe pe, na mwanamume anayeitwa Innocent aliyekuwa wa pili. Hawa wawili walikuwa hawasemezani. Mkurugenzi alininong'oneza kwamba hilo ndilo lililomleta hasa. Kila mmoja alikuwa na kundi lake, ofisi imepasuka vipande viwili, na yeye amechoka kuamua ugomvi wa kikombe cha nani kiko wapi. Kama siku tatu za huku Rusizi hazitawapatanisha, sijui nini kitawapatanisha, alisema, na mimi nikamjibu kwa kujiamini kwamba yai kwenye kijiko limewahi kupatanisha wakubwa zaidi. Ulikuwa uongo mtupu.

Jumamosi tuliondoka saa moja kamili. Nilikaa mbele karibu na dereva, ubao mapajani, filimbi shingoni. Na barabara ilikuwa tupu. Sikuwahi kuiona barabara ile ya Bugarama, inayotupeleka Nyakabuye, tupu namna ile: hakuna baiskeli za ndizi, hakuna minibasi, hakuna mbuzi. Nikageuka nikawaambia wageni hiyo ndiyo faida ya kuondoka mapema, na wao wakanipigia makofi. Dereva alinitazama kidogo, akautazama ubao wangu, akakanyaga mafuta. Baadaye aliniambia aliona filimbi na karatasi nyingi, akajua mwanamke huyu ana ruhusa ya wilaya nzima. Watu wa hoteli nao walidhani hivyo hivyo. Ukitembea na ubao, hakuna anayekuuliza kitu, na hiyo ndiyo hatari ya ubao.

Nilipoona kundi la kwanza la watu wenye majembe begani, niliwapungia mkono. Nilipoona la pili, mkono ukagandia hewani. Mwezi ule ulikuwa na Jumamosi tano. Kwa kuwa daftari hili huenda siku moja likasomwa na mjukuu aliyezaliwa mbali, nieleze: kwetu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Asubuhi ile nchi nzima inashika jembe, maduka yanafungwa, magari yanasimama mpaka saa tano. Mimi tangu utoto nilikuwa nafanya umuganda Kamembe, sikukosa hata mmoja. Lakini kichwani mwangu mwezi una wiki nne, na mpango wa kwanza ulikuwa wa Jumamosi ya nne, nikaukagua vizuri nikaona hii ni ya mwisho, nikajisemea tutaomba ruhusa. Mkurugenzi aliposogeza wiki, nikafurahi kwamba tumeukwepa. Jumamosi ya tano sikuihesabu. Na Ijumaa jioni, kiongozi wa mtaa wetu anapopita na kipaza sauti kutukumbusha, mimi nilikuwa ziwani nikigawa mataulo.

Kabla ya kufika kwenye chemchemi tukakuta kamba imefungwa barabarani, mti hadi mti. Pembeni alikuwa amesimama mzee mwembamba mwenye koti la mvua: Mzee Sebastien, kiongozi wa kijiji kile, aliyeuza mchele Uvira miaka mingi na kukijua Kiswahili chetu chote pamoja na matusi yake. Nilishuka na ubao. Nilimwambia ni wageni wa mbali, ni kampuni kubwa, wana ratiba. Nilimpa aione. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, mpaka kwenye yai na kijiko.

“Iko programme muzuri,” akasema. “Haina ruhusa.”

Nikamwomba kwa jina la mama yake. Akasema mama yake yupo pale juu anachimba, nikitaka nimwombe mwenyewe.

“Leo hakuna mugeni hapa, Maman. Kuko mikono tu.”

Niligeuka nikalitazama basi. Madirishani kulikuwa na nyuso arobaini na mbili, na katikati yao Mkurugenzi, nyusi zimepanda juu. Simu haikushika mtandao. Nawaambieni, niliiona meza ya dirishani ikiondoka, na tofali lake. Nilimwona binamu ananikabidhi vitenge kwa kunicheka. Sijui kilichonishika, lakini nilipanda ngazi ya basi, nikapuliza filimbi mpaka dereva akaziba masikio, nikatangaza kwamba tumefika kwenye shughuli ya kwanza ya timu. Kisha nikashuka kabla hawajauliza, nikaenda kwenye rundo la majembe chini ya mkaratusi, nikachukua la juu, nikaanza kuchimba. Sikugeuka nyuma. Niliogopa kugeuka. Nikasikia mlango wa basi unapumua, na nyayo moja baada ya nyingine.

Kazi ilikuwa mfereji. Mvua ilikuwa imekula njia inayopanda kwenda zahanati, na kijiji kilitaka kuchimba mfereji wa pembeni na kujaza mashimo kwa mawe. Nilistaajabu kuona majembe yanatutosha wote, na mengine yakabaki. Nikasema Nyakabuye wamejaliwa. Wauzaji wetu bora walishika majembe kama watu wanaoshika nyoka. Bibi mmoja mfupi, ambaye kweli alikuwa mama yake Mzee Sebastien, alimnyang'anya Mkurugenzi jembe, akamwonyesha mahali pa kuweka mkono wa kushoto, akamrudishia, akamsimamia. Kila akikosea alimgonga kisigino kwa fimbo. Mkurugenzi yule, ambaye watu wake hawakuwahi kumwona bila tai, akasema asante bibi kila alipogongwa. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kilipotoka, na kilipotoka hakikurudi.

Mawe yalikuwa bondeni. Mzee Sebastien akapanga mstari wa kupokezana, na hakuuliza nani ni wa kundi la nani; mkono ulio karibu ndio uliopokea. Clarisse akajikuta amesimama karibu na Innocent. Jiwe la kwanza walipokezana wakitazama pande mbili tofauti, likaanguka katikati, likakosa kidogo kidole cha Clarisse. La pili ilibidi watazamane. La kumi Clarisse alisema shika, na hilo lilikuwa neno lao la kwanza tangu mwaka uanze. Lilipofika la hamsini walikuwa wanagombana kwa sauti juu ya nani anamchelewesha nani, na ofisi nzima ikasimama kuwasikiliza kwa furaha kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Viatu vyeupe vilikuwa vyekundu. Aliishia kuvivua, akavining'iniza mtini.

Saa tano ikapigwa filimbi, si yangu, ya kijiji. Tukakaa kwenye majani kwa mkutano, kama desturi. Mzee Sebastien aliwatambulisha wageni, na watu wakataka kujua wanauza nini. Clarisse akasimama pekupeku, akaeleza bima kwa Kinyarwanda kitamu sana. Kisha bibi wa fimbo akauliza kama mbuzi akifa kwa uzee tu, bila ugonjwa, kampuni inalipa. Clarisse akamtazama Innocent. Innocent akasimama, akaeleza kwa upole kwamba uzee si ajali. Bibi akasema kwake yeye ni ajali kubwa, hakuutegemea. Walicheka mpaka mkutano ukafungwa bila dua.

Ndipo tukaenda kwenye maji ya moto. Mgongo uliochimba kwa saa tatu, ukiingia kwenye maji yale, haubaki mgongo, unakuwa siagi. Watu arobaini na wawili walikaa mle ndani wakigumia kama viboko, hakuna anayetaka kutoka, na kamba, magunia na mayai yangu niliyoyaonja yakabaki kwenye basi. Alasiri Nkanka hakuna aliyeweza kushika kasia kwa malengelenge. Wavuvi walitazama viganja vile laini vilivyopasuka, wakacheka, wakapiga kasia wenyewe, na wageni wakaimba. Kiongozi wa nyimbo aliwatungia mstari kuhusu mbuzi mzee, sijui habari ilimfikaje upesi vile. Waliuimba ziwa zima.

Gatini, juu ya viatu vyao, alikuwa amekaa Papa Deo. Mkurugenzi alimkimbilia pekupeku, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia amesafiri na mawakala wengi lakini hajaona mtu aliyethubutu kuweka umuganda kwenye ratiba ya starehe, tena kabla ya maji ya moto, kwa mpangilio mzuri vile. Mwaka ujao wataleta wengine, na jembe liwemo. Papa Deo akanitazama. Mimi nilikuwa nimechoka sana kuweza kudanganya. Wageni walipopanda basi nikamwambia yote: Jumamosi ya tano, kamba barabarani, filimbi. Nikamwonyesha viganja vyangu, vina malengelenge na vimejaa buluu, nikasema hata kaboni imenichubuka. Nilimwambia ninajua nimekosa, na kama ni vitenge basi ni vitenge.

Aliitoa njiti mdomoni.

“Mi sikukuuliza juu ya makosa,” akasema. “Nilikuuliza, banacheka?”

“Banacheka, Papa.”

Jumatatu nilikuta meza imesafishwa. Hata tofali alikuwa amelipaka rangi.

Kwa miaka yote iliyofuata ratiba yetu ya Nyakabuye imekuwa ile ile, nanyi mnaijua: kwanza jembe, kisha maji ya moto. Tumeileta kampuni ya simu, ya chai, ya mabati. Nimeona wakurugenzi wakipigwa fimbo za kisigino, mpaka bibi alipotutoka na fimbo ikarithiwa na binti yake. Nimeona Clarisse na Innocent wakirudi kama mtu na mkewe, jambo ambalo sikulipanga na ambalo wao wananilaumu kwa zamu. Nami kalenda nimeihesabu kila mwezi kwa kidole, Jumamosi moja moja, kama mtu anayehesabu vifaranga. Kila mara nilipokuwa nawaambia wapya hadithi ya Jumamosi ya tano, nilimaliza kwa kusema nilikuwa na bahati. Papa Deo, mpaka siku tuliyomzika, alikuwa anakubali kwa kichwa. Bahati kubwa, alisema.

Sasa basi, kicheko changu. Siku ile mliyoniaga, kati ya keki na saa, mliona Mzee Sebastien ameingia na koti lake la mvua, akanipa kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Mlidhani ni mwavuli. Nilikwenda kukifungulia ofisini, yeye akinifuata. Lilikuwa jembe kuukuu, na mpini wake, chini ya uchafu wa miaka ishirini, ni wa buluu. Buluu ya mlango. Buluu ya boti. Nilivitazama vidole vyangu kama vile kaboni bado ipo. Siku ile mipini ilikuwa na tope na mimi nilitazama nyuso tu; rangi iliyobaki viganjani nikaisingizia kaboni.

“Hii njo ilibakia kwangu,” Mzee Sebastien akasema. “Ingine Papa Deo alizirudisha kwake.”

Akanieleza bila haraka. Alhamisi ile, siku mbili kabla, Papa Deo alifika Nyakabuye na pikapu imejaa majembe na makoleo, rangi haijakauka vizuri. Alitoa karatasi mfukoni, nakala yangu, akamwonyesha tarehe, wakacheka wote wawili. Mzee Sebastien akamwambia wageni wa utalii si shida, atawafungulia kamba wapite. Papa Deo akakataa. Akamwambia asiifungue hata nikilia.

“Nikamuuliza, juu ya nini unamutesa mutoto wa bantu? Akaniambia, nataka nijue kama atashuka wa kwanza.”

Nilikaa kwenye ile meza. Nililia kidogo, siwafichi, kwa kuwa simwoni tena wa kumpiga kofi la bega na kumwita mwongo. Halafu nikaanza kucheka, na Mzee Sebastien akacheka, na mkaja mlangoni mkauliza kuna nini tukasema ni keki.

Jembe nimeliacha pale ofisini nyuma ya mlango; lisipotee, ni la buluu. Na kabla sijarudisha filimbi nilipitia ratiba zenu zote za mwezi ujao, mara ya mwisho, kwa kidole. Ni nzuri. Mmoja wenu, simtaji, ya kwake ina kitu. Niliisoma muda mrefu, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Jana nilikwenda mahali na pikapu, na leo mwanangu ananiuliza kwa nini mama ana rangi kwenye kucha.

Wewe usihangaike. Ukikuta kamba, shuka wa kwanza.